Udhu wa Printa

Saa tano za usiku, Limbani, mvua imeanua,
Asya wa Khatib kanigongea mlango,
flashi kaifumbata kama hirizi.
Barua ya kazi. Ukurasa mmoja.
Kesho saa mbili anatakiwa Chake.
"Nyeusi tu, da Mize. Sitaki mapambo."

Nikamwasha. Akakohoa,
akavuta karatasi mpaka nusu, akaitema,
kisha akanitolea kijitaa chekundu:
manjano imekwisha.

Sasa niambieni, nyinyi mnaojua,
katika barua ya "mimi ni kijana mwenye bidii"
manjano iko wapi?
Kwenye jina lake? Kwenye tarehe?
Nyeusi ipo, naiona, imejaa,
lakini wanne hawa wameapizana:
mmoja akikosa, hapakuliwi.

Nilimnunua Darajani, laki na ishirini.
Nikavuka naye nimempakata kama mwana.
Muuzaji alicheka, akanipa na mfuko wa bure;
kumbe bei alikuwa hajaitaja.
Katriji alizokuja nazo zilikuwa nusu.
Seti mpya ni laki na arubaini,
ukiipata. Wete haipo. Chake wanasema wiki ijayo
tangu Rajabu.

Kilo nzima ya karafuu kavu,
iliyopandiwa, ikachambuliwa vikonyo,
ikaanikwa na kuanuliwa kila wingu likitanda,
ukiiuza haikujazii kijiko cha chai
kwa wino huu.

Na lau wino ungekwenda karatasini, nisingesema.
Huyu anatawadha.
Wiki ikipita hujamgusa, anatawadha.
Umeme ukikatika, ukirudi, udhu umetenguka:
anaanza upya, rangi zote nne,
grrr, shaa, grrr,
na sala yenyewe hasali.

Chumba cha pili analala mkwe wangu, Bi Kaije,
anayeandika kombe.
Zafarani nayo ni ghali, isikieni tu;
huzihesabu nyuzi kwa ncha ya kucha,
akazilowesha kwa marashi,
akaandika kwenye sahani nyeupe, polepole, hakosei.
Kisha sahani huoshwa,
na maji yale mgonjwa akayanywa mpaka tone la mwisho,
akaipangusa sahani kwa kidole, akakilamba.
Manjano ile imeoshwa, lakini imepata koo.

Yangu mimi inaoshwa inakwenda wapi?

Nikachukua bisibisi.
Asya kashika tochi ya simu, mkono unamtetemeka,
ananiambia basi, da Mize, basi, utamharibu.
Nikamfungua mpaka chini kabisa,
na huko chini, kwenye giza lake,
nikakuta sponji, nene kama godoro la kitanda cha mtoto,
imelowa, imeelemewa.

Nikaiminya.

Ikatoka samawati, ikatoka waridi,
ikatoka manjano, manjano yenyewe ile!
Ilikuwamo humo siku zote, tele,
mwaka mzima wa manjano niliyoinunua.
Lakini ilipofika kwenye bakuli
haikuwa tena manjano wala chochote,
ilikuwa uji mweusi wenye mng'aro wa mafuta,
ukiunusa haunuki kitu.
Bi Kaije alitoka kwenda msalani, akachungulia,
akauliza, "Nani kafa?"
Hakungoja jibu.

Asya akaiandika barua yake kwa biki,
pale pale mkekani, ulimi kautoa pembeni ya mdomo.
Mwandiko mzuri kuliko wangu.
Kama waliipokea au waliirudisha, sijui;
alipita juzi kwa mbali, akanipungia, akenda zake.

Mimi nilijisugua kwa sabuni ya mche,
kwa ndimu, kwa mafuta ya taa. Wapi.
Asubuhi sokoni, nanyoosha mkono nipokee chenji,
Bi Time wa mchicha akaung'ang'ania,
akaugeuza juani, mbele, nyuma:
"Ee, piko mpaka kiwikoni! Harusi ya nani?"

"Yangu," nikamwambia.
"Na mahari natoa mimi."